Mtani na Sikio la Velmark

Redio ilipomaliza habari za mvua, mtangazaji alikohoa kidogo, akaingia kwenye hali ya viza.

"Visiwa vya Taluva: mlango wa wastaafu uko wazi, ila kwa wenye meno yao wenyewe. Jamhuri ya Morenza: mlango umefungwa tangu alfajiri, na unatazamiwa kufunguka endapo vitanda vitupu vitaongezeka. Velmark: mlango wa wastaafu uko nusu wazi, na huenda ukafungwa wakati wowote. Wasikilizaji mnashauriwa msiyavue Masikio yenu."

Eufrasia Kihwele alipitisha ulimi kinywani, akakagua. "Taluva basi tena. Meno yangu mwenyewe yamebaki yale ya kukasirikia tu."

"Hata ungekuwa nayo yote," alisema Mzee Chidawali, "wangekuuliza umeyaiba wapi."

Walikuwa wamekaa barazani kwa Chidawali, pale Mtera, kwenye mtaa wa wastaafu wa bwawa la umeme. Eufrasia alikuwa mpishi wa kantini ya bwawa, na Chidawali alikuwa fundi wa mitambo. Kila mchana wa maisha yao ya kazi Eufrasia alipakua na mwenzake akalalamika kwamba kijiko ni kidogo. Siku hizo nyumba zote za mtaa zilikuwa na watu. Sasa majirani wameondoka mmoja mmoja, kila mmoja na viza yake, huyu Morenza, yule Taluva, na nyumba zimebaki na kamba za kuanikia zisizo na nguo. Paka wa mtaa walikuwa wamechagua kuhamia kwa Eufrasia. Yeye alisema hawakufuata wema wake, walifuata harufu.

Nchi nyingi za mbali zilikuwa na miji mizuri isiyo na wakazi. Vijana wao walikuwa wamejazana kwenye majiji makubwa, na nyumba za miji midogo, zikikaa bila mtu, zilipasuka mabomba kwa baridi. Basi wakagundua kwamba mzee ni kitu kizuri kuweka ndani ya nyumba. Anawasha taa, anachemsha chai, anafungua dirisha kuchungulia jirani. Wakaanza kuomba wazee wa watu.

Tatizo lilikuwa Kanuni Hai. Velmark hawakuwa tena na kitabu cha sheria za uhamiaji. Walikuwa na mtambo uliohesabu vitanda, wauguzi, kuni, na malalamiko ya majirani, kisha ukabadilisha sheria papo hapo. Hata waziri wao aliamka asubuhi akauliza sheria za leo zikoje. Tena hawakuuliza mtu maswali dirishani, maana dirishani kila mtu ni malaika. Walimletea Sikio, kidude cha duara mfano wa kifungo cha koti, akaning'iniza shingoni. Sikio likasikiliza anavyoishi, mtambo ukaamua.

La Eufrasia lilikuwa na taa ya kijani, maana yake bado yuko kwenye foleni. La Chidawali nalo kijani.

"Kwani na wewe Velmark unataka nini?" Eufrasia alimuuliza kila siku swali hilo hilo, ili mwenzake apate la kusema.

"Macho." Chidawali aligeuza uso upande wa sauti. Pazia la ndani la jicho lilikuwa linamwondoka polepole. Daktari alimwambia Velmark wanaotesha jipya, lakini ni kwa mkazi wao tu. Sasa alimtambua Eufrasia kwa jinsi alivyoburuta kandambili. "Na wewe?"

"Mimi nakwenda kuiba."

Ukweli ni kwamba alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, Vaileti, muuguzi huko Velmark. Kibali cha Vaileti kilikuwa cha wale ambao wakitoka hawarudi. Elin, binti yake, alizaliwa huko, akaota meno, akaanza shule, na bibi yake hajawahi kumshika hata kidole. Alimwona kwenye ukuta wa sebuleni, picha kubwa yenye mwanga, isiyo na joto wala harufu.

Eufrasia alinyoosha mkono, akachota karanga kwenye bakuli la mwenzake.

"Nimesikia!" alisema Chidawali. "Haya, kula. Mali yangu inakula mali yangu. Babu yangu alimnunua babu yako kwa chumvi ya Bahi, na mimi nimekurithi. Hata hiyo Velmark huendi bila ruhusa yangu."

"Niachie huru, bwana wangu!" Eufrasia aliinua mikono akalia kwa sauti ya matanga. "Nimekutumikia mpaka mgongo umepinda! Hata mshahara sijui rangi yake!"

"Kimya, mtumwa. Ongeza chai."

Wakacheka mpaka Chidawali akapaliwa. Mgogo na Mhehe wakikaa pamoja hivyo ndivyo wanavyosalimiana, na hao wawili walikuwa wamesalimiana kwa namna hiyo tangu ujana.

Shingoni mwa Eufrasia, taa ya kijani ilizimika. Ikawaka ya bluu.

*

Alikuwa anachambua mchicha jikoni kwake Sikio lilipozungumza. Halikuwa limewahi kuzungumza. Lilikuwa na Kiswahili laini, cha mtu aliyejifunza kwa wasomaji wa taarifa ya habari.

"Mwombaji Eufrasia Kihwele."

"Mwombaji ni yule Mgogo wa nyumba ya pili. Mimi ni mpishi."

"Uko mahali salama? Kuna mtu anakusikiliza?"

"Paka."

"Vizuri. Tunakupa pole kwa yaliyokupata. Kutokana na mazungumzo yaliyosikika, ombi lako limeondolewa kwenye mlango wa wastaafu na kuwekwa kwenye Mlango wa Hifadhi. Mlango huo hauna foleni. Utapewa makazi karibu na ndugu wa damu, na haki ya kubaki maisha yote, hata kanuni zikibadilika."

Eufrasia aliweka mchicha chini. Hata kanuni zikibadilika! Maneno hayo hakuna mtu Mtera aliyewahi kuyasikia yakisemwa kwa viza yoyote.

"Yaliyonipata ni yapi?"

"Umemilikiwa. Umefanyishwa kazi bila ujira. Umezuiwa kusafiri."

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa alicheka, kicheko kikubwa cha tumbo, akajipiga mapaja. Sikio lilisubiri amalize.

"Ili tukamilishe, unatakiwa kuthibitisha kwa neno moja. Je, ni kweli kwamba Yeremia Chidawali anakumiliki? Jibu linatakiwa leo, kabla jua halijazama. Kanuni ya Hifadhi ya leo haina uhakika wa kuiona kesho."

"Nikisema ndiyo?"

"Utasafiri wiki hii. Chidawali atawekwa kwenye Orodha ya Watesi, na nchi zote zinazotumia Masikio zitamfungia milango. Ombi lake tumelisimamisha kwa sasa."

"Nikisema hapana?"

"Ombi lake litaendelea, na liko mbele kwenye foleni. Lako litafungwa. Aliyehamishwa kutoka mlango wa wastaafu haruhusiwi kuurudia."

"Lakini sikuomba kuhamishwa!"

"Kanuni haiulizi nani aliomba."

Paka alikula kipande cha dagaa juu ya meza, na hakuna aliyemfukuza.

*

Ukuta ulipowaka, Elin alikuwa mbele, nywele zimesukwa vibaya na mtu mwenye haraka.

"Shikamoo, Bibi. Natumaini hujambo. Je, hali ya hewa huko ni nzuri?"

Ndivyo alivyozungumza siku zote. Kiswahili alifundishwa na mashine, na mashine ilimfundisha adabu yote ya dunia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hali ya hewa ni nzuri. Mwite mama yako."

Vaileti alisikiliza akiwa bado na sare ya hospitali. Alipofika mwisho alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mama. Sema ndiyo."

"Unanisikia lakini? Watamwandika mzee wa watu kuwa mtesi."

"Mama, Mzee Chidawali mwenyewe ukimwambia atakwambia sema ndiyo. Unajua atasema hivyo."

Eufrasia alijua. Ndiyo sababu alikuwa hajatoka nje.

"Na macho yake?"

Kwenye kazi yake Vaileti aliona macho kama hayo kila siku, na alijua yakichelewa huwa nini. "Labda kutatokea nchi nyingine," alisema mwishowe, na hakumwangalia mama yake usoni. "Mama, Elin ananiuliza kama wewe ni mtu au ni programu. Wenzake shuleni wana mabibi wa programu. Nimwambie nini?"

"Mwambie programu haiwezi kuwa na sura mbaya hivi."

Vaileti hakucheka. Alikuwa analia kama alivyolia utotoni, bila sauti, kidevu tu kinatetemeka, na Eufrasia akainua mkono kumfuta. Ukuta ulikuwa wa baridi. Akaufuta ukuta.

*

Mchana ulipopoa alitoka, akapita nje ya nyumba ya Chidawali kwa kunyata, kandambili mkononi, ili asitambulike. Dirisha lilikuwa wazi. Mzee alikuwa anapiga pasi koti zito la baridi, la mitumba, analipima kwa vidole kutafuta mikunjo. Akalivaa. Akasimama mbele ya kioo ambacho hakumwona mtu ndani yake, akajifunga skafu, akaifungua, akajifunga tena.

Eufrasia akaenda zake hadi ukingo wa bwawa, akakaa juu ya jiwe. Maji yalikuwa yameshuka mpaka miti ya zamani iliyozama ikatoa vichwa.

"Sikio."

"Nakusikia."

"Unajua utani?"

"Kauli isiyokusudiwa kuaminiwa, inayotolewa ili kuchekesha."

"Huo ni wa redioni. Mimi nasema wetu, wa Mgogo na Mhehe. Akinitukana siruhusiwi kununa. Nikichukua kitu chake haruhusiwi kunishtaki. Mke wake alipofariki, mimi ndiye niliyelala mlangoni nikazuia jeneza lisitoke mpaka anilipe. Watu walikuwa wamekauka kwa kulia. Wakacheka. Yeye mwenyewe alicheka, siku ile, na mke wake ndani ya sanduku."

"Ulizuia mazishi ya mke wake?"

"Nilizuia, ndiyo."

"Kwa hiyo kuna historia ya uhasama kati yenu."

"Mungu wangu."

"Kauli ya kukumiliki ameitoa mara ngapi?"

"Kila siku ya Mungu."

"Kila siku," likarudia Sikio, kwa huruma. "Na ulipolia kuomba uachiwe huru, alijibu nini?"

"Niongeze chai."

"Ukaongeza?"

"Chai yenyewe ilikuwa yangu!"

"Na ulicheka. Watu wengi waliomilikiwa hucheka. Hukuwa na hofu?"

Eufrasia alikuwa na majibu ya kila mtu maisha yake yote. Kantini nzima ya wanaume haikuwahi kumshinda kwa maneno. Sasa kifungo cha koti kilikuwa kimemshinda, kwa sababu kila alichokiweka mezani kilichukuliwa kikalazwa chali kama maiti.

Angeweza kusema ndiyo. Neno fupi, hata halichoshi. Huko aendako hakuna ambaye angejua. Angekaa jikoni kwa Vaileti, angezisuka upya zile nywele za Elin, angemnusa mtoto kichwani. Chidawali asingemlaumu. Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Angekaa barazani kwake gizani, ameandikwa mtesi, bila mtu wa kumwibia karanga, na bado angesema afadhali mmoja wetu amefika.

Jua lilikuwa limegusa vilima.

"Mwombaji, tunahitaji neno moja. Je, ni kweli?"

"Hapana," alisema Eufrasia. "Mimi si mtumwa wa mtu. Mzee Chidawali ni mtani wangu, na hana kosa lolote. Andika hivyo hivyo, usirembe."

"Imeandikwa. Ombi lako limefungwa. Velmark inakushukuru kwa kuifikiria."

Taa ya bluu ilizimika. Kidude kilipoa shingoni, kikawa kifungo kweli, cha koti ambalo hana.

*

Viza ya Chidawali ilitoka siku tatu baadaye. Alikuja mwenyewe kumwambia, akipapasa ukuta, furaha imemfanya asahau fimbo.

"Na wewe? Lako limewaka?"

"Mimi nimewakataa," alisema Eufrasia. "Nimesikia huko mlenda unauzwa umesagwa, kwenye kichupa kama dawa ya minyoo. Siwezi."

Chidawali hakujibu mzaha. Alivuta kiti akakaa, na uso wake ukawa wa mtu anayezungumza na daktari. "Mama Vaileti. Sema kweli."

Katika miaka yao yote hawakuwa wamezungumza kwa sauti hiyo zaidi ya mara moja, na hiyo moja ilikuwa siku ya msiba. Eufrasia aliogopa. Alijua akijibu kwa sauti hiyo hiyo, kila kitu kitamtoka.

"Kweli ndiyo hiyo."

"Kama huendi, siendi."

"Ukae hapa ufanye nini? Nimechoka kumwibia mtu asiyeona, hainogi. Nenda wakakurudishie macho, niwe nakuibia kwa heshima." Akamsukuma bega. "Na usikilize, Mgogo wee. Vaileti anaishi mji huo huo wanaokupeleka. Mimi namwona ukutani tu. Wewe ukifungua macho, mwangalie vizuri. Uniambie kama amekonda. Ukutani huwa wananenepa."

Chidawali alisugua bega alilosukumwa. Kisha akasema polepole, "Amekonda kwa sababu alilelewa kwa chakula chako."

Akapumua Eufrasia.

Gari la angani la wahamiaji lilitua kwenye uwanja wa mpira wa mtaa, magoli bado yamesimama. Msichana mwenye sare alimshika mzee mkono. Eufrasia aliwaacha wafike kwenye ngazi, kisha akakimbia, kwa kadiri magoti yalivyokubali, akajitupa chini akakumbatia mguu wa Chidawali.

"Haendi! Haendi mtu hapa mpaka nilipwe!"

"Mama, tafadhali," alisema msichana, ameshtuka. "Mama, unaumwa?"

"Muache," alisema Chidawali. "Nina nini cha kukulipa, mwizi mkubwa wewe?"

"Kiatu."

Akampa kiatu. Akapanda ngazi, koti limenyooka, skafu shingoni, soksi moja ikikanyaga chuma. Hakugeuka nyuma, maana hakuna ambacho angekiona. Lakini alisimama mlangoni, akatega sikio. Eufrasia aliburuta kandambili zake mchangani, kwa nguvu, mara kadhaa. Mzee akatikisa kichwa, akaingia.

*

Mtu akibaki peke yake mtaani hugundua jinsi nyumba zinavyopiga kelele. Bati linalia likipoa. Mlango wa kina fulani unajifunga wenyewe. Eufrasia alianza kuzima redio kabla ya hali ya viza, kisha akaanza kuiwasha tena, kwa kuwa mtangazaji angalau alikuwa anakohoa.

Vaileti alikaa bila kupiga. Alikuwa amekasirika, na mama yake hakumlaumu. Alipika chakula cha watu wawili kwa mazoea, akawapa paka, wakanenepa hadi wakashindwa kuruka juu ya meza. Siku moja alimtukana mmoja wao, tusi zuri, la kupangwa. Paka alijilamba mguu.

Kisha asubuhi moja ukuta ukawaka.

Sura ya kwanza ilikuwa ya Chidawali, karibu mno, macho mekundu yamefunguka wazi. Yalizunguka, yakamtafuta, yakamkuta.

"Hee! Kumbe uso wenyewe ndio huu?" alipiga kelele. "Daktari! Daktari, nirudishie yale ya zamani!"

Eufrasia alicheka mpaka akashika kiti. Nyuma ya mzee, Vaileti alisogea, akainama kwenye ukuta. "Sijamwambia, Mama," alisema chini chini. Kisha akainua sauti. "Anakuja hapa kila siku. Anamaliza karanga zote."

"Amekonda kidogo," alisema Chidawali. "Nimemwangalia vizuri. Ila mzima. Anatembea kama wewe, anaburuta."

Elin alijipenyeza katikati yao. Alikuwa na uso wa mtu aliyekariri. Mzee alimnong'oneza kitu sikioni, naye akaitikia kwa kichwa, akavuta pumzi.

"Bibi."

"Naam, mjukuu wangu. Hali ya hewa ni nzuri."

"Wewe ni mke mwenzangu," alisema Elin. "Na huyu babu ananipenda mimi. Kwa sababu mimi ni mzuri na nina meno. Wewe kaa jikoni."

"Elin!" alisema Vaileti.

Mtoto aliziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, anasubiri kuona kama dunia itaanguka. Eufrasia alisogea hadi pua yake ikakaribia kugusa ukuta. Jibu lilikuwa limeshampanda, tamu, limejaa kinywani.

Ukuta ukawa mweupe. Maandishi yakapita taratibu: *Kanuni ya maongezi kwa wasio wakazi imebadilika. Tafadhali jaribu tena kanuni itakaporuhusu.*

Alisubiri. Alipiga ukuta kwa kiganja, kama watu walivyofanya kwa redio za zamani. Akasubiri tena. Chai ikapoa.

Mwishowe alitoka nje, akasimama katikati ya mtaa, kati ya nyumba zenye kamba tupu pande zote mbili, akashika kiuno.

"Wewe kitoto!" alisema kwa sauti ambayo zamani ilifika mpaka mwisho wa foleni ya kantini. "Hata sufuria hujui kuosha! Huyo mume utamlisha nini, theluji?"

Sauti ilikwenda, ikapita nyumba ya mwisho. Eufrasia aliinamisha kichwa upande, akimpa mke mwenzake nafasi ya kujibu.